Bamba la kushoto

Jumapili, usiku

Leo nimeshinda bandani tangu saa nne asubuhi, na kazi yote niliyoifanya inashikika kwa mkono mmoja: kipande cha alumini, unene milimita 6. Kidole gumba kimevimba, nguo zinanuka mafuta, na usingizi hauji kwa furaha.

Wanaonifuata siku nyingi wanaijua Triton yangu. Kwa wageni niseme tu kwamba pikipiki hii haikutoka kiwanda chochote. Ni injini ya Triumph, cc 650, ndani ya fremu ya Norton, na jina nalo limeungwa vivyo hivyo. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960 waliipenda injini ya Triumph kwa mbio zake, ila kwenye kona waliiamini fremu ya Norton, ile iitwayo Featherbed. Aliibuni Rex McCandless wa Belfast, na mwaka 1950 Geoff Duke aliipanda akashinda mbio za Senior TT kule kisiwa cha Isle of Man. Fremu tupu zilipatikana kwa sababu wenye vigari vya mashindano vya cc 500 waliitaka injini ya Norton, na kampuni haikuwa tayari kuiuza peke yake. Basi walinunua pikipiki nzima, wakang'oa injini, mifupa wakaiacha. Kijana mwenye Triumph akaokota alichokitafuta, akashusha usukani, akasogeza vikanyagio nyuma, huyoo mkahawa wa Ace Cafe pale barabara ya North Circular, London, kuisaka maili 100 kwa saa.

Naishi Coventry. Meriden, walikokuwa wakiunda Triumph hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1983, ni jirani tu. Sasa ni nyumba za watu, na mtaa mmoja unaitwa Bonneville Close. Nimewahi kusimama pale jioni, nikasikia watoto wanacheza mpira.

Yangu niliinunua ikiwa ndani ya maboksi tisa, na nia yangu ilikuwa kuifanya mpya kabisa. Nikaagiza tangi la alumini. Likaja la fremu pana, wakati yangu ni ile nyembamba ya kuanzia 1960, na muuzaji akakataa kulipokea. Iliniuma sana, lakini tuliache hilo.

Kilichonibadilisha nia ni kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ndani ya kranki ya Triumph kuna kibomba kinachonasa uchafu wa oili, kwa kuwa injini hizi zilitoka bila filta ya maana, vichujio vya waya tu. Kisiposafishwa, tope hujaa humo na kuganda, oili isifike kwenye beringi. Nilijiandaa kukuta balaa. Kizibo chake hufungwa kwa kupigwa alama kwa ncha ya chuma ili kisilegee, na cha kwangu kilikuwa na alama tatu, kila moja mahali pake. Maana yake kuna mtu aliyekifunga mara tatu. Ndani kulikuwa safi. Nilikaa chini nikakitazama kile kizibo muda mrefu. Nisiyemjua aliitunza injini hii kama mgonjwa wake.

Sasa mabamba. Injini na gia boksi ya Triton yangu ni vitu viwili mbali mbali, na vinashikwa kwenye fremu na mabamba mawili, kulia na kushoto. La kushoto lina ufa. Mtandaoni yapo mapya, yamekatwa kwa mashine, yanang'aa. Nilikuwa nimebakiza kulipa tu. Kabla sijalipa nikampigia baba yangu, aliyeko Muheza, Tanga, nikamwonyesha lile la zamani kwenye simu. Baba alikuwa fundi mitambo kiwanda cha mkonge, na spana zangu za Whitworth, vipimo vya kale vya Kiingereza, ni zake, zile zinazoandikwa ukubwa wa bolti badala ya upana wa kichwa cha nati.

"Lisogeze karibu," akasema. "Geuza. Huyu kakata kwa msumeno wa mkono, mwanangu. Ona tupa ilivyopita, yote upande mmoja. Na hapo kaanza kutoboa, akagutuka, akahama."

Kweli, kuna kitundu kilichoishia nusu. Nimepima: angeendelea, gia boksi ingekaa mbele mno na mnyororo usingekazika.

"Kuna mapya, baba. Yanafika keshokutwa."

"La kulia lina ufa?"

"Hapana, baba."

"Basi liache mahali pake. La kushoto likate mwenyewe."

Ndiyo kazi ya leo. Nimelilaza la zamani juu ya alumini mpya, nikachora kwa msumari, nikabana kwenye jiriwa, nikaanza. Msumeno wa mkono hauna haraka. Kwenye pindo la chini, karibu na gia boksi, nilifuata mkunjo ambao sikuuelewa, mpaka nilipolijaribisha kwenye fremu nikaona unapishana na bomba kwa nafasi ya kucha. Yule mtu alilijua hilo. Sikukiiga kile kitundu cha nusu, kwa kuwa mwenyewe alikikataa.

Bolti tatu zimepita. Ya nne inagoma kidogo sana, na mikono ilishaanza kutetemeka, nikaogopa kuharibu. Kesho nikitoka kazini nitaipitishia tupa ya duara.