Njia za kukimbia Malindi: soma maji na udongo kabla ya ramani

Ukitafuta njia ya kukimbia Malindi kwenye simu, utaletewa lami tu: barabara ya Mombasa, ya Lamu, ya Casuarina. Achana nazo. Tuktuk na bodaboda hupita ubavuni kwako, pembeni hakuna nafasi, na kufika saa 2 asubuhi lami inarudisha joto usoni. Njia za kupendeza ziko ufukweni, au ndani mashambani upande wa Ganda, Kakuyuni na Jilore. Mandhari hayana shida kote huko. Shida ni unachokanyaga.

Ufukwe kwanza, kwa sababu ndio unaowapa watu taabu zaidi. Kupwa na kujaa kwa pwani yetu ni kukubwa: wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti hupita mita 3. Siku hizo maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na kupwa mnamo saa 4 asubuhi. Kwa hiyo ukiteremka saa 12 bado yako juu karibu na kuta za hoteli, na kilichobaki ni mchanga mkavu wa mteremko. Ukisubiri hadi saa 2 utapata uwanja mpana mgumu, lakini jua nalo limeshapanda. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ukihesabu kwa mwezi mwandamo, asubuhi nzuri huangukia tarehe 10 hadi 12, na tena 25 hadi 27, ambapo maji hupwa kati ya saa 12 na saa 2 hivi. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, linafaa hata huku, tofauti ni dakika chache. La sivyo muulize mvuvi yeyote. Anza muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, uwe umemaliza muda wa saa moja baada ya hapo.

Mchanga nao una namna ya kujipima. Kanyaga palipolowa utazame kuzunguka kiatu. Ukiona pamekauka ghafla na kuwa peupe, mchanga umeshikana, kimbia. Maji yakichuruzika juu na mchanga ukatikisika, kisigino kitazama. Sogea hatua chache kwenda juu au chini mpaka upate mstari mgumu. Kukimbia kwenye mchanga laini hula nguvu kama mara 1.6 ya ardhi ngumu, kwa hiyo kasi yako ya barabarani isahau. Pia ufukwe umeinama kuelekea baharini. Mguu mmoja ukiwa chini kwa kilomita 10, goti au nyonga italalamika kesho yake. Kwenda na kurudi kwenye mstari uleule kunasawazisha, mradi ugeuke katikati kweli, usirudi kwa tuktuk.

Kutoka ufukwe wa Silversands elekea kusini, upite Casuarina hadi hifadhi ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1968. Usianzie kwenye mnara wa Vasco da Gama, hapo ni miamba ya matumbawe inayokata soli. Angalia kamba za nanga: mashua zikiwa zimekaa mchangani, kamba hubaki zimetanda kwa urefu wa kifundo cha mguu, na alfajiri hazionekani. Msimu wa kusi kuna marundo ya mwani, chini yake hujui kuna nini, zunguka. Kusi ikivuma, anza nayo usoni kuelekea kusini, ikusukume ukiwa umechoka. Ila ujue ukirudi na upepo mgongoni utahisi kama hewa imesimama, na jasho halikauki, kwa hiyo bakiza maji ya nusu ya pili.

Kaskazini, kuelekea mdomo wa mto Sabaki, mchanga ni wa rangi ya kahawia na fukwe ni pana, kuna ndege wengi mno. Geuka kabla ya tope. Mto usiuvuke kwa miguu hata ukionekana wa magotini: kuna mamba na viboko. Kiboko hula nyasi usiku na kurudi majini alfajiri, hivyo vijia vya kingo za mto viache mpaka jua liwe limechomoza vizuri.

Mashambani mambo ni mengine. Fungua picha ya setilaiti, usitumie ramani ya barabara. Mstari mpana mwekundu ni njia ya magari, na kiangazi mikondo ya magurudumu hujaa vumbi laini kama unga. Unachotaka ni mstari mwembamba unaounganisha shule na shule, au shule na soko. Kijia cha namna hiyo hupita watu kila siku na hakifungwi. Kikiishia kwenye mapaa mawili matatu, ni uwanja wa mtu. Ukiwa pale, angalia ua wa minyaa: kijia kinachopita kati ya nyua mbili ni cha wote, kinachopenya ua ni cha mwenyewe. Usiuguse ua huo, utomvu wake unachoma macho vibaya.

Kisha muulize mwendesha bodaboda. Usimuulize kama njia ni nzuri, maana atasema ndiyo. Muulize kama yeye hupita pale mvua ikinyesha. Akicheka, umeshajibiwa. Ikiwezekana, mlipe akupitishe mara moja, nawe uweke alama kwenye simu kila kilomita na kila penye duka. Udongo mwekundu wa huku ni mtamu siku moja baada ya mvua ndogo: vumbi limetulia, ardhi imeshika. Wakati wa masika hugandia soli mpaka kiatu kinakuwa kizito, hapo rudi ufukweni.

Salimia kila mtu, wazee kwa shikamoo, na uvae fulana yenye mikono unapopita vijijini. Siku za shule watoto watakusindikiza mita 200 wakiwa na mabegi, na wengine watakupita. Mbwa akikujia, acha kukimbia, inama kama unaokota jiwe. Wengi hurudi nyuma. Mbigili hutoboa soli nyembamba, kwa hiyo viatu vya mashindano viache nyumbani. Chukua nusu lita ya maji kwa kila saa, zaidi wakati wa kaskazi.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wa kilomita za mraba 420 hivi, ndio wenye kivuli cha kweli. Penye miti ya mirihi mchanga ni mweupe na laini. Penye udongo mwekundu ni mgumu. Lakini kuna ndovu. Pitia kituo cha msitu cha Gede au Jilore, lipa, uliza wameonekana wapi jana, na uchukue mwongozaji hata kama atakuja kwa baiskeli. Kuingia kimyakimya kwa mwanya wa ua ni ujinga.

Marafa, penye bonde la Nyari la udongo wa rangi, iko mbali, nenda kwa gari. Kimbia juu ya bonde jioni, rangi zikiwa zimekolea, ukikaa hatua 3 au zaidi mbali na ukingo, kwa sababu ni udongo uliotafunwa na mvua kwa chini na hubomoka bila dalili. Ndani ya bonde tembea tu. Na gari la kurudi ulipange kabla hujafunga kamba za viatu.