Wiki ambayo ndege ya Amsterdam haikuja

Aprili 2010 nilikuwa mkaguzi wa ubora kwenye ghala la kufungashia mboga upande wa Usa River, Arusha. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko mshahara. Asubuhi wakulima wanashusha kreti za maharage machanga, mimi nachukua moja, navunja, likilia ta! napima unene. Chini ya milimita 6 ni ekstra faini, kuanzia 6 hadi 9 ni faini, lililozidi hapo linarudi na mwenyewe. Kisha naandika kilo kwenye stakabadhi, nasaini, namchania nakala yake.

Jumatano tarehe 14 masika yalikuwa yamechachamaa. Bibi mmoja wa kule juu, njia ya Nkoaranga, alifika na kreti zake juu ya bodaboda, tope hadi magotini. Kilo 46. Nakumbuka kwa sababu sikurudisha hata moja, jambo ambalo msimu wa mvua ni nadra. Maji mengi huleta madoa na ukungu. Alikunja stakabadhi, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaenda zake.

Watu hudhani chumba cha baridi ni kama friza ya buchani. Sivyo kabisa. Samaki aliyegandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri anaweza kusubiri ndege hata mwezi, mradi asiyeyuke. Haragwe ni kitu hai. Ukishalichuma linaendelea kupumua, na pumzi ile inatoa joto. Rundika kreti mahali pasipo hewa, baada ya saa chache ingiza mkono katikati utadhani unagusa mkate uliotoka tanuri. Kwa hiyo unawahi kulitoa joto la shambani, unaliweka kwenye nyuzi 5 hadi 7, na huthubutu kushuka sana chini ya hapo, maana litakuja kuota madoa ya kutu likiwa tayari kwenye meza ya muuzaji huko Ulaya. Baridi haisimamishi saa. Inaipunguza mwendo tu. Hesabu yetu yote ilitegemea kitu kimoja: ndege ya usiku ya Amsterdam pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro.

Alhamisi jioni lori la baridi liliondoka na tani mbili na ushee, vifurushi vya gramu 200 vimeshabandikwa lebo zenye bei ya fedha za kigeni. Makaratasi yote yalikuwepo: cheti cha afya ya mimea, hati ya mzigo wa ndege, fomu za forodha. Saa tatu usiku dereva akanipigia.

"Kaka, ndege imefutwa. Wanasema majivu."

"Majivu ya nini?"

"Ya mlima. Nimewauliza, ni Lengai tena? Wakasema ni huko Ulaya."

Sisi wa Arusha majivu tunayajua. Oldoinyo Lengai ilipolipuka mwaka 2007 tulitetemeshwa hadi vikombe vikagongana kabatini. Lakini mlima wa Iceland kuzuia maharage ya Nkoaranga, hilo lilinichukua muda kulielewa. Bosi ndiye aliyetusomea kwenye intaneti asubuhi yake: volkano iko chini ya barafu, maji ya barafu yanakutana na mwamba ulioyeyuka, mwamba unapasuka unakuwa vumbi laini kama unga, linapanda juu kabisa. Likiingia kwenye injini ya ndege linayeyuka upya na kuganda ndani kama kioo. Uingereza walikuwa wameshafunga anga, na Uholanzi nao.

Ijumaa mzigo ukarudi chumbani. Nilimwambia bosi tuuze soko la Kilombero pale mjini Arusha, hata kwa bei ya kutupa, haragwe likiwa bado linalia. Akasema kesho watafungua. Jumamosi akasema kesho. Alipiga simu Nairobi kuona kama tunaweza kuvukia mpaka wa Namanga. Huko nako maghala yalikuwa yamefurika, maua yanatupwa. Tulisikia kuna wakubwa waliopitishia mizigo yao Hispania, halafu malori yakapandisha kaskazini. Hayo ni mambo ya wenye ndege nzima. Tani mbili hakuna aliyetaka hata kuzisikiliza.

Na shamba halina habari na anga. Haragwe usipolichuma siku mbili linanenepa, linajaza mbegu, limeshatoka kwenye daraja. Wakulima wakaendelea kuleta hadi Jumamosi, tulipofunga geti.

Jumapili umeme ulikatika, jenereta ikakohoa nusu saa kabla ya kuwaka. Jioni nilifungua katoni moja ya Jumatano, nikachukua haragwe, nikalivunja. Halikulia. Lilipinda kama kamba ya kiatu.

Anga ilianza kufunguliwa taratibu kuanzia Jumatatu usiku, lakini kulikuwa na maelfu ya abiria waliokwama, na mnunuzi hakutaka haragwe la wiki nzima kwa sababu naye anahitaji siku zake za kuliweka rafuni. Tulikesha tukichana plastiki. Ng'ombe wa Usa River walikula ekstra faini siku mbili mfululizo. Mpaka leo nikiona maziwa ya kule nacheka kidogo.

Kilichofuata hakichekeshi. Bosi aliniletea daftari la mapokezi. "Jumatano na Alhamisi, zote, andika rijekti." Hakuhitaji kunieleza. Kwa mkataba ule, mzigo ukikataliwa getini hasara ni ya mkulima. Ukishapokelewa, hasara ni ya kampuni. Nilikuwa na chumba cha kupanga Tengeru na mdogo wangu alikuwa kidato cha pili. Niliandika. Mistari 31, kwa peni ileile niliyosainia stakabadhi. Sikubisha hata kwa kukohoa.

Bibi alikuja Ijumaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimefuata hela yangu."

"Bibi, mzigo wako... ulikuwa rijekti."

Alifungua pindo la khanga, akanyoosha karatasi juu ya meza kwa kiganja.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Umeandika nini?"

"Kilo 46. Ekstra faini 29, faini 17."

"Yalikuwa mabaya?"

"Hapana bibi. Yalikuwa mazuri."

"Basi yameharibikia mikononi mwa nani?"

Nilimweleza habari ya mlima. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza uongo wa mtoto wa jirani. Niliposema kwamba haragwe linapumua hata baada ya kuchumwa, akanikatisha: "Sasa kama linapumua, mbona mlilifungia?" Akauliza jina la mlima. Nikajaribu kulitamka, nikashindwa. Akatikisa kichwa.

Nilibeba stakabadhi yake na daftari hadi kwa mhasibu, nikaviweka pamoja. Mwandiko mmoja, tarehe moja, maneno mawili tofauti. Mhasibu alikuwa mama mtu mzima. Alivitazama, akanitazama, akavua miwani. Sijui walizungumza nini na bosi nyuma ya mlango. Najua waliokuja na stakabadhi walilipwa, nusu Mei, nusu Juni. Bibi alilipwa. Mkataba wangu ulipoisha mwezi huohuo wa Juni, haukuongezwa.

Ila masika na karatasi havipatani. Kuna zilizolowa, kuna zilizofuliwa ndani ya mfuko wa suruali, na hao daftari lilibaki kama nilivyoliandika. Mmoja wao bado tunakutana Tengeru siku za soko. Anauza parachichi siku hizi. Akiniona kwa mbali anapaza sauti, "Rijekti!" na mimi naitika.