Tuliwaruka Wezi Wote

Mwaka ule dada yangu alipangiwa zamu ya usiku mkesha wa Krismasi, nikabaki mimi na binti yake. Alikuwa na miaka mitano, umri ambao mtoto anauliza swali leo na kesho anakubana kwa jibu ulilompa. Maagizo niliyoachiwa yalikuwa mafupi: ale, aoge, atazame sinema moja, alale. Hilo la sinema moja wote watatu tulijua halitekelezeki, ila dada ilibidi aliseme ili aondoke na amani.

Nilikuwa nimejipanga. Ya kufungulia nilichagua The Snowman, katuni ya Uingereza ya mwaka 1982, kwa sababu za kivivu kabisa. Ni fupi, haifiki hata nusu saa, na wahusika wake hawazungumzi. Kazi yote inafanywa na muziki, na wimbo mmoja tu pale mtoto na mtu wa theluji wanapopaa angani. Mpwa wangu Kiingereza kilikuwa bado hakijamwingia, nami nilitaka kuipumzisha sauti yangu kabla ya ukalimani ulionisubiri kwenye sinema ya pili.

Wanaoijua katuni hiyo wanajua inavyoisha. Kunakucha, mtoto anatoka mbio nje, anakuta kofia na kilima kidogo cha theluji iliyoyeyuka. Mimi pale koo hunikaba, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumbembeleza mwenzangu. Hakuyahitaji. Mtoto wa kwenye sinema aliingiza mkono mfukoni akatoa skafu, ile aliyopewa na Baba Krismasi usiku ule walipokwenda kwake, na mpwa wangu akapiga paja lake kwa kiganja.

"Si unaona? Kweli walikwenda!"

"Na rafiki yake ameyeyuka," nikasema, nikimchokoza kidogo.

"Theluji inayeyuka, Mjomba." Alinieleza taratibu, kama anaongea na mtu mzito wa kuelewa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kwenye kitabu cha Raymond Briggs, kilichozaa katuni hiyo, Baba Krismasi hayumo na skafu haimo. Viliongezwa na waliotengeneza filamu. Sijui mpwa wangu angekichukuliaje kitabu, maana yeye bila ushahidi haendi popote.

"Weka nyingine."

Nyingine hiyo ndiyo niliyoitaka mimi. Home Alone, ya mwaka 1990, nimeitazama tangu nikiwa mdogo na sijawahi kuichoka. Tangu mtoto huyu azaliwe nilikuwa nasubiri siku ya kumsikia akicheka kwenye yale mambo yanayonivunja mbavu: kopo la rangi linaloning'inia kwenye kamba, kitasa cha moto, pasi inayodondoka kutoka juu, wezi wawili wazima wakigaragazwa na mtoto wa miaka minane. Kwangu, sinema yenyewe ni hiyo sehemu ya mwisho. Yaliyotangulia yote nilikuwa nayaona kama foleni ya kuingilia.

Tukaanza. Mimi nilikuwa baba, mama, wajomba, na watoto wote wa nyumba ile, kila mmoja na sauti yake, na wamo wengi haswa. Familia inasafiri kwenda Ufaransa kwa sikukuu, nyumba imejaa masanduku, kila mtu anapiga kelele. Sebuleni amesimama polisi anayeuliza maswali na hakuna anayemjali. Akitabasamu, jino lake moja linametameta.

"Polisi ana jino la dhahabu," mpwa wangu akasema.

"Hilo jino likumbuke," nikamwambia, nikitunza siri. Yule si polisi. Ndiye mkuu wa wezi, kaja kuchunguza nani anaondoka lini. Nilitaka aligundue mwenyewe.

Usiku upepo unakata umeme, saa za kuamsha hazilii, familia inakurupuka asubuhi imechelewa ndege. Binti mmoja mkubwa anapewa kazi ya kuhesabu watoto. Mtoto wa jirani aliyekuja kupekuapekua mizigo yuko katikati yao, naye anahesabiwa. Idadi inatimia. Kevin, yule mtoto wa miaka minane, amelala juu darini, hakuna anayejua.

"Simamisha."

Nikasimamisha. Alishuka kwenye kochi, akaenda hadi kwenye kioo cha televisheni, akamwekea kidole yule mtoto wa jirani.

"Huyu si wao."

"Si wao."

"Na amemhesabu."

"Walikuwa na haraka, mama."

"Amehesabu vichwa. Hakuangalia sura." Kisha akarudi kukaa, safari hii karibu yangu zaidi.

Nimesoma maelezo mengi kuhusu filamu hiyo, ya watu wanaolipwa kuandika mambo kama hayo, na hakuna aliyeieleza ile asubuhi kwa ufupi hivyo.

Ikafika kwenye ndege. Mama amekaa kwenye kiti chake kizuri lakini hatulii, kuna kitu amesahau na hakijui. Anapitia moja moja kichwani. Mara anainuka na kulipiga kelele jina la mwanawe. Mimi hapo hucheka, na nilicheka. Pembeni yangu kimya. Nilipomgeukia nikakuta amekunja miguu chini ya kanga aliyojifunika na macho yamemtoka.

"Atarudije?"

"Atarudi. Sasa angalia Kevin anavyojitawala nyumbani, utacheka."

"Mama yake yuko wapi?"

"Bado yuko kwenye ndege."

"Weka kwenye ndege."

Wakati wa chakula alikuwa ameniuliza kama kule kazini kwa mama yake usiku wanafunga mlango kwa ndani, na kama wakifunga, anayetaka kutoka anatokaje. Nilimjibu juujuu. Kwa hiyo sikubishana naye. Nikachukua rimoti, nikaruka mbele mpaka mama wa Kevin alipotokea tena.

Ndivyo tulivyoitazama mpaka mwisho. Yeye alijiwekea utaratibu: nikianza kuruka anafumba macho kwa viganja vyote viwili, nikifika kwa mama nasema "yupo", anafumbua. Viganja vile mashavuni vilimfanya afanane na Kevin wa kwenye tangazo la filamu, lakini hilo nilibaki nalo mwenyewe.

Mama yupo uwanja wa ndege Paris, anahangaika na simu. Anapiga polisi, wanamzungusha kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Nyumbani simu haiitiki.

"Si ampigie kwenye simu yake?"

"Hana. Zamani hizo watu hawakutembea na simu mfukoni. Ya nyumbani ilikuwa na waya, na waya umeharibiwa na upepo."

Akaitazama simu yangu iliyokuwa mezani.

"Ina chaji?"

"Inayo kiasi."

Kiasi haikumridhisha. Alikwenda chumbani akarudi akiburuta waya wa chaja, akanikabidhi, akasimama juu ya kichwa changu hadi alipoona kialama cha umeme kimewaka. Kisha akauweka mkono wangu kwenye rimoti.

Yupo. Anamsihi mama mmoja mtu mzima amwachie nafasi yake kwenye ndege, anatoa pesa, anatoa vito, anatoa mpaka hereni. Mpwa wangu akanong'ona kwamba viatu bado hajatoa. Yupo tena, sasa amefika Marekani lakini amekwama Scranton, hakuna ndege ya kumfikisha kwao Chicago, na anamfokea mhudumu wa tiketi. Hapo nilimfokea hewani kwa niaba yake, kwa Kiswahili, hadi sauti ikakwaruza. Katika miaka yote ya kuitazama filamu ile, huo ndio muda niliokuwa naenda kuchukua maji ya kunywa. Sikuwa najua kama Catherine O'Hara, aliyemwigiza mama huyo, anaigiza vizuri kiasi kile. Ukimtazama peke yake, bila wezi wa kukuchekesha kila baada ya dakika mbili, unaona kwamba mwanamke yule hajalala tangu sinema ianze.

Halafu anatokea mwigizaji John Candy, humo ni kiongozi wa bendi ya polka, mtu mnene mwenye roho nyeupe, anamwambia apande kwenye gari lao la kukodi. Candy alirekodi sehemu zake zote kwa siku moja tu, na maneno mengi aliyatunga palepale. Wanasafiri usiku, wanamuziki wanapiga vyombo vyao nyuma ya gari, mama amekaa katikati yao. Mtu mnene anaanza kumpa moyo.

"Anasemaje?"

"Anasema hata yeye aliwahi kumsahau mwanawe mahali."

Mahali penyewe, kwenye sinema, ni nyumba ya mazishi, na mtoto aliachwa na maiti kutwa nzima. Nililiacha neno hilo kwa Kiingereza chake.

"Na akamrudia?"

"Akamrudia."

"Kumbe wapo wengi," akasema, akajipangusa pua kwa kanga.

Huku katikati, alipokuwa amefumba macho, mimi nilikuwa naangalia starehe yangu yote ikipita kwa kasi bila sauti. Kopo la rangi likampata mmoja, likampata wa pili. Pasi. Manyoya. Yule buibui juu ya uso wa Daniel Stern, mwigizaji wa mwizi mmojawapo, na kwa taarifa yako alikuwa buibui wa kweli, alipita kama doa tu jeusi. Nilitamani sana kupunguza mwendo hapo.

"Yupo?"

"Bado kidogo."

Asubuhi ya Krismasi, theluji nje, mlango unafunguliwa. Mama anaita. Kevin anatokea, wanatazamana kwanza kwa mbali, mtoto bado ana kinyongo, halafu anatabasamu na kumkimbilia. John Williams anaachia muziki wake. Mpwa wangu hakusema chochote, alihema tu kwa nguvu kupitia puani. Dakika chache tu zinapita, mlango unafunguka tena na familia nzima inaingia, baba na ndugu zote.

"Hawa wamekuja na nini?"

"Na ndege. Wao walisubiri ile ya zamu yao."

Alifikiri. Niliona hesabu zikipita usoni pake.

"Kwa hiyo mama angekaa tu, angefika nao?"

"Angefika nao."

"Saa hiihii?"

"Amewatangulia kidogo tu."

Nilidhani hapo nimempata, maana na mimi hilo jambo limewahi kunisumbua. Yeye akatikisa kichwa.

"Hapana. Alitakiwa afike wa kwanza."

Kisha akaniambia nirudishe nyuma kidogo, tuwahesabu wanaoingia. Tukawahesabu, yeye akinyoosha kidole kwa kila mmoja na kusubiri uso uonekane kabla hajataja namba, kwa sababu yule mtoto wa jirani, alisema, angeweza kujipenyeza tena. Hakuwemo. Tukazima.

Kulala hakukuwa na shida, ila simu ilibaki kwenye chaja usiku kucha, kwa amri.

Dada alirudi kumeshapambazuka, na mlango haujafunga vizuri nyuma yake tayari anasimuliwa. Kwamba kuna mama alipanda ndege, akatoa hereni, akasafiri kwenye gari la wanamuziki, akafokea watu kwa Kiswahili, akafika wa kwanza. Kwamba mjomba mmoja mnene naye aliwahi kusahau mtoto lakini akamrudia. Dada, viatu bado mguuni, alisikiliza akiitikia kila baada ya sentensi, halafu akanigeukia.

"Si uliniambia mtaangalia ile ya wezi?"

"Wezi gani?" binti yake akadakia. "Hakuna wezi, Mama. Kuna polisi mwenye jino la dhahabu, na Mjomba aliniambia nimkumbuke, lakini hakuja tena."