Safari mia moja za chumba namba 9

Kwanza mjue korido yenyewe. Ina zulia la rangi ya damu ya mzee, milango kumi na minne, saba kila upande, na mwishoni kuna dirisha linalotazama maegesho ya magari. Ni nyumba ya kulelea wazee kusini mwa Uingereza, nami nafanya kazi hapo tangu 2016. Aprili 2020 milango yote ilikuwa imefungwa. Kila mzee alikaa chumbani kwake, chakula tunampelekea kwa trei, na watoto wake wakija wanasimama nje kwenye majani na kuchungulia dirishani kama wamekuja kumwona mfungwa. Barakoa tuligawiwa kwa kuhesabiwa. Aproni ikichanika, unaifunga fundo unaendelea.

Habari za korona kila mtu ana zake, sitaki kuwachosha. Kilichonishinda mimi kilikuwa kitu kidogo: wazee waliacha kuamka. Ukiingia asubuhi na chai unakuta mtu amegeukia ukutani. Na mzee asiyeamka wiki mbili, miguu inamsahau. Ikishamsahau miguu, hamu ya kula nayo inaondoka, na sisi wa kazi hii tunajua kinachofuata.

Mzee wa chumba namba 9 alikuwa na miaka 88. Ujanani alipita jeshi la lazima, miaka miwili, na alikuwa na mzaha wake kwamba vita aliyopigana ni ya viazi, maana muda wote alikuwa jikoni anamenya. Nilikuwa nimemfundisha shikamoo na marahaba. Mimi ndiye wa kuamkia, lakini yeye alipenda kuwahi na marahaba yake kabla sijafungua mdomo. Mwezi huo hata marahaba iliisha. Nilimwambia, "Babu, amka tunyooshe miguu." Akanijibu, "Niende wapi?"

Siku hizo televisheni zote zilikuwa na Kapteni Tom Moore. Kwa ambao hamkumfuatilia: mzee aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka 100 tarehe 30 Aprili, mzaliwa wa Keighley, Yorkshire, anayeishi kijiji cha Marston Moretaine huko Bedfordshire. Alikuwa amevunjika nyonga, hospitali za umma zikamtibu vizuri, akataka kurudisha fadhila. Akaamua kukokota fremu yake ya kutembelea bustanini, mita 25 kwenda, mita 25 kurudi, mpaka zitimie safari mia moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Aliomba paundi 1,000 tu kwa ajili ya mifuko ya hisani ya hospitali hizo. Alianza tarehe 6 Aprili, akamaliza tarehe 16 huku askari wamejipanga kumpigia saluti. Kufika mwisho wa siku yake ya kuzaliwa, watu zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wamechanga paundi milioni 32 na ushee.

Mimi nilimtazama kwa jicho la pekee, kwa sababu alipigana Burma katika Vita ya Pili ya Dunia, na babu yangu mzaa mama naye alikuwa huko kama keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Vikosi vyao havikuwa pamoja. Kapteni Tom alikuwa upande wa Arakan, pwani, wakati divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ya akina babu, ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua ikiwanyeshea. Babu alituambia habari za tope tu. Vita yenyewe hakuisimulia. Alirudi na koti na medali, na hakuna aliyempangia gwaride.

Basi nikamweleza mzee wangu habari za Kapteni. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwake rahisi. Ana bustani."

Hapo ndipo nilipomwomba fundi wa nyumba anikopeshe futi ya kupimia. Korido ilitoka mita 18. Nikabandika selotepu nyeupe kwenye zulia, mstari huku na mstari kule, nikaenda kwa meneja. Alikataa. Nami ningekuwa yeye ningekataa, kwa sababu nilikwenda na mpango wa wazee wote kutembea pamoja, jambo la kijinga wakati ule. Nikarudi kesho yake na mpango mwingine: anatembea mmoja tu, wengine wanakaa vitini ndani ya vyumba vyao, milango wazi, wanamhesabia. Binti yake akaridhia kwa simu, na muuguzi akasema safari nne kwa siku, isizidi. Tukaanza Jumatatu tarehe 20 Aprili.

Sharti la mzee lilikuwa moja. Safari ni mstari hadi mstari, na nusu si kitu. Siku ya tatu alichoka akabakisha hatua nne hivi kufika selotepu, nikataka kumwandikia. Alinikemea kijeshi kabisa. Karatasi ya hesabu ilikuwa mlangoni kwake, na kila safari ilikuwa mstari mmoja wa kalamu nene, ukiandikwa chini ya tarehe yake.

Sasa pesa. Katibu wa ofisi alifungua ukurasa wa michango kwa ajili ya hospitali yetu ya wilaya, nami kwa tamaa nikasema tuweke paundi 1,000 kama Kapteni. Siku tatu ukurasa ulisoma sifuri. Nikajifunza kwamba mtu akiona elfu moja na mfukoni ana tano, anaona aibu, anapita. Tukashusha hadi 100. Halafu nikaupeleka kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa hapa mjini, ambako tunachangiana misiba na harusi. Dada mmoja akaandika, "Yaani mzungu atembee, sisi ndo tutoe hela?" Wakacheka nusu saa nzima. Sikubishana. Nilifanya tunavyofanya kwenye msiba: kila jioni naweka orodha yenye namba, jina, kiasi, jumla, na mwisho safari alizotembea mzee siku hiyo. Siku ya nne yule dada alitoa paundi tano. Baada ya hapo akawa ndiye anayeniamsha: "Mbona leo orodha haijatoka?"

Koridoni nako mambo yalibadilika. Bibi wa namba 4 alihesabu kwa sauti kuliko wote, na akikosea hakubali. Namba 12 alianza kuvaa kabisa, shati na sweta, kwa sababu mlango wake utakuwa wazi na watu watapita. "Watu" ni mzee mmoja na fremu, na mimi nyuma yake nimeshika kiti cha magurudumu endapo atalegea.

Tarehe 30 Aprili Kapteni Tom alitimiza miaka 100. Ndege za zamani za vita zilipita juu ya nyumba yake, na tuliziona kwenye televisheni. Bibi wa namba 4 alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo. Mzee alitoka saa yake ya kawaida, akasukuma fremu mpaka mlango ule uliofungwa, akasimama. Alisimama muda mrefu. Kisha akageuza fremu akarudi. Sikuandika kitu, na yeye hakuuliza. Siku mbili zilizofuata hakutoka.

Alimaliza katikati ya Mei, tulipokwisha pata paundi 743. Ukilinganisha na milioni 32, ni nauli ya basi. Hospitali ilituma barua fupi ya shukrani, tukaibandika karibu na dirisha.

Kapteni Tom alifariki tarehe 2 Februari 2021, akiwa na korona, Malkia akiwa ameshampa cheo cha heshima cha "Sir" Julai 2020. Mwaka 2024 wasimamizi wa mashirika ya hisani walitoa ripoti kwamba taasisi iliyoanzishwa kwa jina lake iliendeshwa vibaya na familia yake ikanufaika. Zile milioni za mwanzo, za hospitali, hazikuwa sehemu ya uchunguzi huo. Niliposoma nilikasirika kama nimeibiwa mimi. Yule dada wa WhatsApp aliniandikia neno moja: "Orodha." Tulielewana.

Ile karatasi ya mlangoni ninayo. Siku ya mwisho, baada ya mstari wa mia moja, nilimpa mzee kalamu nikidhani atatia sahihi. Akapandisha kidole taratibu mpaka kwenye tarehe 30 Aprili, palipokuwa wazi, akachora mstari mfupi, nusu ya ile mingine. Akanirudishia kalamu, akaomba chai.