Gari ya Harusi, Makopo Matatu na Sidii ya Taarabu

Ukiwa na gari ya kukodisha harusi hapa Unguja, watu hawakuulizi injini. Wanaizunguka mara moja, wanaikagua boneti kama mtu anayechagua kanga dukani, kisha ndiyo maneno ya bei yanaanza. Ndiyo maana nilinunua Crown nyeusi. Mke wangu alisema bi harusi mwenye shela jeupe akishuka kwenye gari nyeupe picha haitoki, na kwa hilo alisema kweli. Tusichokijua sote wawili ni kuwa nyeusi haimsitiri mtu.

Ilishuka bandarini Malindi kama kioo. Nikaitia kazini: siku za wiki wageni, uwanja wa ndege hadi Paje au Nungwi na kurudi, mwisho wa wiki harusi. Miezi minne tu. Asubuhi moja jua likiipiga ubavuni nikaona mikwaruzo midogo midogo imejiviringa boneti nzima, mfano wa utando wa buibui, na juu ya paa vidoa vyeupe vya duara kama alama za gilasi mezani. Nikapangusa. Havitoki.

Nikaenda Mlandege, nikaingia duka la vifaa vya gari, nikasema nataka polishi. Muuzaji akaniwekea makopo matatu, na kwake yeye yote matatu yalikuwa polishi. Moja jekundu, ndani zito kama dawa ya meno. La pili chupa yenye kitu cha majimaji, cheupe kama tui. La tatu kopo bapa, ndani kimegandiana kama samli ya usiku wa baridi, kinanukia vizuri.

"Hili ndilo linalong'arisha kuliko yote, sheikh," akanisogezea jekundu.

Nikalichukua. Sikumuuliza linang'arishaje.

Nikalipaka saa saba mchana, juani, boneti ya moto huwezi kuweka kiganja. Dawa ikakauka kabla sijageuza kitambaa. Nilisugua mpaka mabega yakafa ganzi, na zile plastiki nyeusi za pembeni zikabaki na weupe kama zimemwagiwa unga. Lakini mikwaruzo haikuonekana tena! Nikapiga picha, nikaweka statasi. Zikaja mvua mbili za vuli, na mikwaruzo ikarudi yote, kila mmoja mahali pake. Kumbe sikuiondoa, mafuta ya ndani ya ile dawa yaliifukia tu, kama puti kwenye shimo.

Kosa la pili lilikuwa ghali zaidi. Niliipeleka gereji moja, siitaji, kijana akachukua mashine ya kusagia chuma, akafunga sponji mbele, akaanza. Kati ya boneti ilitoka vizuri. Alipofika ukingoni upande wa kushoto akapitiwa kidogo, mashine ikakaa pale. Ukingoni ndipo rangi ilipo nyembamba kuliko kwengine kote. Pakatoka kijivu cha praima, ile rangi ya msingi ya chini, alama ya urefu wa kidole gumba. Kijana akaniambia itapotea ikipoa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kikwajuni, aliyepiga rangi magari mpaka mgongo ukamkatalia. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla ya kuitazama gari akataka kitambaa cheupe. Akachota kidogo katika lile kopo jekundu, akasugua kona ya buti kama mara kumi. Kitambaa kikatoka cheusi.

"Umeona? Gari yako hii haina klia juu, lile tabaka angavu la kuifunika rangi. Unayoisugua ni rangi yenyewe."

"Kwani gari za Kijapani si zote zina klia, ami?"

"Nyingi zinayo. Lakini nyeusi ya namba 202 na nyeupe ya namba 040, usiziamini mpaka usugue uone. Nenda kasome namba ya rangi kwenye kibati chako."

Nikafungua boneti. 202.

Hata hiyo klia kwa wenye nayo si ngao ya chuma. Unene wake ni kama maikroni 40 hadi 50, na maikroni moja ni milimita igawe mara elfu. Unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Ndicho kinacholiwa kila ukipiga polishi.

"Polishi, kama hili jekundu, ni kinyozi," ami akasema. "Silanti, hii ya chupa, na waksi, hii ya kopo bapa, ni nguo. Kinyozi anapunguza, nguo inafunika. Wewe kila Ijumaa unampeleka mtoto kwa kinyozi ukitaka apendeze. Atabaki na nini?"

Nikacheka, lakini nilikuwa naitazama ile alama ya kijivu.

Kisha akamtuma mjukuu wake ndani akamletee sidii mbovu. Ikaja moja ya taarabu, imekwisha kukatakata. Akaigeuza upande unaong'aa, akapaka tone la kila kopo mahali mbalimbali, akasugua kwa kidole. Penye jekundu pakafanya ukungu mzito. Penye chupa ya tui na penye kopo la samli pakabaki kioo. Ukungu maana yake mna msasa ndani, haidhuru kopo limeandikwa nini. Tangu siku ile dawa haigusi gari yangu kabla haijagusa sidii, na niligundua dawa moja iliyojiita waksi ikafanya ukungu vilevile. Zipo nyingi za namna hiyo, zinazosafisha na kufunika kwa mpigo. Kwa gari ya nyumbani nyeupe sina ugomvi nazo. Kwa 202, hapana.

Sasa ikabaki kuchagua nguo. Waksi ya asili, ile ya kopo bapa, hutokana na majani ya mkarnauba, mti wa ukoo mmoja na minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Ikiwa safi haiyeyuki mpaka nyuzi 80 na kitu, lakini koponi imechanganywa na mafuta laini ili ipakike, kwa hiyo jua la huku haliistahi. Silanti hutengenezwa kiwandani, na hushika rangi kwa muda mrefu zaidi. Haya yote niliambiwa. Nilitaka kuyaona.

Nikabandika tepu ya karatasi katikati ya boneti, mbele hadi nyuma. Kushoto silanti, kulia waksi, siku moja, mkono mmoja, kivulini, saa kumi na mbili asubuhi. Nikabandua tepu, nikaendelea na kazi zangu. Kila nikiosha namwaga maji ya kopo juu ya boneti na kutazama. Mwanzoni pande zote mbili maji yalijikusanya matone, yakateleza. Wiki ya tano upande wa waksi maji yakalala kama yamemwagwa kwenye jamvi. Upande wa silanti ulikwenda mpaka mwezi wa nne ndipo ukaanza kulegea.

Lakini niseme haki: kwa uzuri waksi ilishinda. Silanti inang'aa kikali, kama kioo cha dirisha. Waksi inaipa nyeusi kina, ile hali ya halua iliyotoka jikoni sasa hivi. Mke wangu, bila ya kuambiwa kitu, aliunyooshea kidole upande wa kulia.

Kwa hiyo sikuchagua moja. Silanti naipaka mara tatu kwa mwaka, na ya lazima ni kabla ya kaskazi kuingia na baada ya masika kwisha. Waksi naipaka juu yake usiku wa kuamkia harusi kubwa. Kinyume chake hakifai, silanti haishiki juu ya waksi. Polishi, tena laini kabisa na kwa mkono, mara moja kwa mwaka na pale penye haja tu. Ikiwa nimepiga polishi, kwanza napangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji kuondoa mafuta, ndipo silanti ipate pa kushika. Na kabla ya yote hayo napitisha kile kipande cha udongo maalumu, kinavutika kama bigijii, pamoja na maji ya shampuu, mpaka kiganja kikipita hakisikii chenga. Ukikiangusha chini, kitupe. Kina mchanga.

Vile vidoa vya duara ilikuwa chokaa. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe na maji ya kisima yanapita humo humo. Matone yale mazuri unayojivunia, yakikaukia juani kila moja linaacha pete yake. Dawa niliyoipata ni siki na maji sawa kwa sawa, kitambaa kilichorowa kikae dakika moja, kisha suuza. Vingi vilitoka, vitatu viko mpaka leo, vilikwishaila rangi. Siki nayo inadhoofisha waksi, basi pale napaka upya. Siku hizi gari hainikaukii yenyewe hata nikiwa na haraka vipi, na suuza ya mwisho ni maji ya mvua ninayokinga kwenye pipa. Sabuni ya unga na ya vyombo nimezipiga marufuku, zinavua nguo yote uliyovisha.

Kunguru sina la kumfanyia. Nina chupa ya maji na kitambaa ndani ya buti. Akishusha, naloanisha palepale, nasubiri kilainike, nanyanyua bila kusugua. Nikitoka Paje naosha kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, mpaka chini ya gari, maana chumvi inakokula kweli hakuna waksi inayofika.

Kitu kilichobaki kunishinda ni shangazi wa bwana harusi. Kila harusi yupo. Gari imesimama, vumbi jepesi limetua, bi harusi anakaribia kutoka, naye anafungua kanga ya begani aipanguse boneti, kavu kavu, kwa mapenzi yote. Ule utando wa buibui ulianzia hapo, si kwengine. Zamani nilikuwa naona haya kusema. Sasa nasimama mbele na kitambaa cha mikrofaiba na chupa ya kupulizia, na nikimwona anaanza kufungua namwahi: "Mama niachie miye, utachafua kanga yako bure." Wengi wanakubali.

Ile alama ya kijivu ukingoni sijaipiga rangi. Ami alisema rangi ya pale itabidi ipigwe boneti nzima ili ilingane, na pesa hiyo bado. Mpambaji ninayefanya naye kazi anajua. Shada kubwa la maua huanzia kushoto, pembeni kabisa, na kuna bi harusi mmoja alimsifu kwa ubunifu huo.