Abramu Hakumfuata Lutu Bondeni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Mwanzo 13 tukiwakumbuka wenzetu ambao uchumba wao umevunjika na sasa wamekata mawasiliano. Wengi wanaumia mara mbili: wameachana na mtu waliyempenda, halafu wanaambiwa hawajasamehe. "Mlokole gani huyo hapokei hata simu?"

Wafugaji wa Bahi na Chamwino hawahitaji mahubiri marefu kuielewa sura hii. Mifugo ya Abramu na ya Lutu ilikuwa mingi, nchi haikuwatosha, wachungaji wakaanza kugombana. Abramu hakungoja mpaka fimbo zinyanyuliwe. Alimwambia Lutu, "Basi ujitenge nami, nakusihi," akamwachia achague upande. Lutu akachagua bonde la Yordani. Hatusomi popote kwamba Abramu alituma mtu kila jioni kuchungulia hema za mwenzake zimefika wapi. Lakini katika sura ya 14, Lutu alipotekwa, Abramu alitoka na watu 318 akamrudisha. Baada ya hapo hawakuhamia pamoja; sura ya 19 inamkuta Lutu ameketi langoni pa Sodoma. Aliyekuwa tayari kumfia hakuwa na sababu ya kukaa naye boma moja.

Siku hizi kuchungulia ni kazi ya kidole. Saa tano usiku, taa imezimwa, unapitia stetasi zake "kwa bahati mbaya". Na hapa Dodoma mapenzi mengi yako safarini: mmoja yuko ofisini Mtumba au chuoni UDOM, mwingine yuko Dar. Tangu treni ya SGR ianze kuja huku mwaka 2024, kisingizio kimepatikana. Unajua amepanda ya jioni, unaandika, "Umefika salama?" Anajibu, "Nimefika, asante." Basi, usingizi umekwisha. Mbona kaweka asante? Mbona hakuniuliza hali? Ingekuwa heri asingejibu, ingawa hapo nako ungelia.

Futa namba. Kama unaijua kwa kichwa, izuie. Mhubiri 3:7 inasema kuna wakati wa kunyamaza, na sioni mahali ilipowatoa wachumba walioachana. Kama mna mtoto, ada na matibabu yazungumzwe, yaishie hapo. Kama mahari ilikwishatolewa, mshenga yupo. Maneno yapitie kwake na kwa wazee.

Kuna jambo moja nalisema kwa tahadhari, kwa sababu linafanana sana na utakatifu. Unapiga magoti kila usiku kumwombea yeye, kwa jina, nusu saa nzima: Bwana mlinde, Bwana mguse, Bwana mkumbushe. Hilo la "mkumbushe" ndilo linalotutoa nje. Umefuta namba, sasa unampigia kwa kupitia mbinguni. Mkabidhi kwa Mungu kwa sentensi moja, kisha waombee wagonjwa na mvua. Sikusemi kwa ubaya. Maombi ya namna hiyo yanakidonoa kidonda kila siku, nawe unashangaa mbona hakikauki.

Mlio kwaya moja mna kazi ngumu zaidi. Salamu ya mlangoni inatosha. Hamlazimiki kuketi meza moja kwenye chai baada ya ibada. Ukiona sauti inakukauka kila akisimama upande wa besi, mwombe mwalimu wa kwaya mapumziko, wala usijieleze sana.

Nasi tulio marafiki tuna sehemu yetu. Mtu amejikaza wiki tatu, unafika wewe na maji ya kunywa mkononi: "Jana nilimwona Nyerere Square, kakonda kweli." Au mbaya zaidi, "hakuwa peke yake." Kama umemwona, umemwona. Mwulize mwenzako amekula nini leo, na kama hajala, mpikie ugali na mlenda mle.