Usiku Nyanya Alipougonga Mlango wa Jirani

Ilikuwa mwaka 2001, kwenye nyumba ya Kiswahili huko Majengo, Mombasa, wapangaji sote choo kimoja. Jirani wa chumba cha mwisho alikuwa kibarua bandarini Kilindini. Akipata kazi, alirudi akiimba. Akirudishwa getini, hata salamu hakutoa, na mwanawe, rika langu, alianza kutembea ukutaukuta.

Usiku huo mtoto alitumwa mafuta ya taa, akapoteza noti ya hamsini. Tukasikia komeo likitiwa kwa ndani, kisha waya wa stima. Nyumba nzima ilijua. Wa chumba cha pili akaongeza sauti ya redio, ada yake. Mtoto wa mtu haingiliwi, ndivyo ilivyosemwa.

Nyanya alikuwa akikanda unga wa mahamri. Akainuka vile vile, unga hadi viwikoni, akaugonga ule mlango mpaka ukafunguliwa.

"Mwanangu, wampigani hivyo?"

"Mama, hata mimi nililelewa hivi hivi, na nimekuwa mtu."

"Umekuwa mtu gani?"

Hakujibu. Mtoto akalala kwetu, kifudifudi, maana mgongo haukugusika.

Mwaka ule ule serikali ilikuwa imepiga marufuku kiboko shuleni. Cha nyumbani nani angekiuliza? Wengi hadi leo husema ni shida zilizompigisha. Sikatai, shida zilikuwepo. Lakini marehemu babu alibeba magunia bandari ile ile, na sikuwahi kumwona akimwinulia mtoto mkono. Yule bwana alikuwa akirudia alichofanyiwa, na ile redio ilimpa ruhusa.

Mwenzangu yule aliyelala kwetu sasa ni dereva wa tuktuk, na ana presha tangu ujana. Daktari alimuuliza chumvi na sigara, utoto hakuuliza. Ilhali tangu 1998 Vincent Felitti na Robert Anda, madaktari wa Marekani, walionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia mateso mengi utotoni, ndivyo hatari ya maradhi ya moyo na sonona inavyozidi ukubwani. Siwezi kuapa kuwa presha yake ilitoka kwenye waya ule. Ninachokijua ni kwamba ukiinua mkono ghafla kuchukua kikombe mbele yake, hujikinga uso, kisha hucheka kana kwamba ni mzaha.

Juzi mkewe aliniuliza mbona mumewe hataki mlango wa chumba chao utiwe komeo usiku, hata kukiwa na wezi mtaani. Nikamwambia, "Shemeji, muulize mwenyewe, tena muulize mkiwa wawili tu."